Msimu wa kwanza wa BAL: Siku 15 za Kigali zilizozindua ligi ya kulipwa ya kikapu Afrika

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

LIGI ya kulipwa ya mpira wa kikapu barani Afrika, inayofahamika kwa kifupi cha BAL, ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Kigali, Rwanda, kuanzia Mei 16 hadi Mei 30, mwaka 2021. Timu 12 kutoka nchi 12 zilikutana chini ya paa moja, zikacheza michezo 26 katika siku 15, na mwishowe Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa kwa kuifunga US Monastir ya Tunisia pointi 76-63.

Kwa maneno hayo machache mtu anaweza kudhani habari imekwisha. La hasha. Msimu huo, ambao kwa urefu haukuzidi mashindano ya kombe la kawaida, ndio unaoeleza vizuri kuliko mingine yote iliyofuata namna ligi ya kulipwa inavyojengwa, nani hasa anayelipa mishahara ya wachezaji, na kwa nini baadhi ya nchi zilikuwa ndani ya ukumbi huku nyingine, Tanzania ikiwamo, zikitazama kwenye runinga.

Ilivyoanzishwa

Ligi hiyo ilitangazwa rasmi Februari 16, mwaka 2019, mjini Charlotte, Marekani, wakati wa mapumziko ya mwisho wa wiki ambapo wachezaji nyota wa NBA hukutana kila mwaka. Waliotangaza ni NBA yenyewe kwa kushirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA. Ilikuwa mara ya kwanza kwa NBA kushiriki kuendesha ligi nje ya Amerika Kaskazini. Mwezi Mei mwaka huohuo, Amadou Gallo Fall, raia wa Senegal aliyekuwa akisimamia shughuli za NBA barani tangu ofisi ya Johannesburg ilipofunguliwa mwaka 2010, aliteuliwa kuwa rais wa ligi hiyo mpya.

Si kwamba Afrika haikuwa na mashindano ya klabu kabla ya hapo. FIBA ilikuwa ikiendesha kombe la klabu bingwa tangu miaka ya 1970, na Primeiro de Agosto ya Angola ililitawala kwa miaka mingi. Hata hivyo, kombe hilo lilikuwa la kukutana na kutawanyika. Timu zilifika, zikacheza, bingwa akapatikana, na mwananchi wa nchi jirani akasikia habari hizo baada ya wiki moja, kama alizisikia kabisa. Haki za televisheni hazikuuzwa kwa kiwango cha kutajika, na mfadhili aliyejitokeza mwaka mmoja hakuonekana mwaka uliofuata. BAL ilikusudiwa kuchukua nafasi ya kombe hilo na kuleta kile kilichokosekana: ratiba inayojulikana mapema, jezi zinazouzwa madukani, na kamera zinazowaka kila siku ya mchezo.

Mpango wa awali ulikuwa mkubwa kuliko kilichotokea. Msimu wa kwanza ulipangwa kuanza Machi 13, mwaka 2020, mjini Dakar, kisha timu zizunguke katika miji mingine ikiwamo Cairo, Lagos, Luanda, Rabat na Monastir, na hatua ya mwisho ifanyike Kigali. Siku kumi kabla ya kipenga cha kwanza, ugonjwa wa corona ukiwa unasambaa duniani, ligi iliahirishwa. Timu zilizokuwa zimekwisha kusajili wageni zikabaki na mikataba isiyo na michezo.

Mwaka mmoja baadaye waandaaji walirudi na mpango mfupi. Safari za miji zilifutwa na kila kitu kikahamishiwa Kigali. Wachezaji, makocha na waamuzi waliwekwa katika kambi iliyofungwa, wakapimwa mara kwa mara, na watazamaji walioruhusiwa kuingia ukumbini walikuwa wachache sana kulinganisha na uwezo wa jengo. Kwa hiyo ligi iliyokusudiwa kutembea barani ilianza ikiwa imeketi mahali pamoja.

Makundi na mchezo wa ufunguzi

Timu ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne. Kundi A lilikuwa na wenyeji Patriots, Rivers Hoopers ya Nigeria, US Monastir na GNBC ya Madagascar. Kundi B lilikuwa na Petro de Luanda ya Angola, AS Salé ya Morocco, FAP ya Cameroon na AS Police ya Mali. Kundi C lilizikutanisha Zamalek, AS Douanes ya Senegal, GS Pétroliers ya Algeria na Ferroviário de Maputo ya Msumbiji. Timu mbili za juu za kila kundi, pamoja na mbili bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu, zilipata nafasi ya kucheza robo fainali.

Mchezo wa ufunguzi, Mei 16, uliwakutanisha Patriots na Rivers Hoopers, na wenyeji wakashinda kwa pointi 83-60. Rivers, iliyoongozwa na Ben Uzoh aliyewahi kucheza NBA, iliaga mashindano katika hatua ya makundi.

Hata hivyo, dunia ilitazama mchezo ule kwa sababu nyingine. Katika kikosi cha Patriots alikuwamo J. Cole, msanii maarufu wa muziki wa rap kutoka Marekani, ambaye siku mbili kabla alikuwa ametoa albamu yake ya The Off-Season. Cole alicheza kikapu akiwa shule ya sekondari na hakuwahi kuificha ndoto yake ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Siku hiyo alifunga pointi tatu. Alicheza michezo mitatu ya kundi, akamaliza na pointi tano kwa jumla, kisha akaondoka kabla ya hatua ya mtoano.

Kwa waandaaji ilikuwa zawadi. Watu ambao hawakuwahi kusikia habari za klabu yoyote ya Rwanda walitafuta jina la Patriots katika intaneti usiku ule. Kwa wachezaji wengine haikuwa jambo la kufurahisha. Terrell Stoglin, Mmarekani aliyeichezea AS Salé na aliyemaliza akiwa mfungaji bora kwa wastani wa pointi 30.8 kwa mchezo, alilalamika hadharani kwamba mtu mwenye fedha na kazi nyingine alikuwa amechukua nafasi ya mchezaji aliyetoa maisha yake yote kwa mchezo huu. Mwandishi wa makala haya anaona Stoglin alikuwa na hoja nzito. Kanuni ziliruhusu kila timu kuwa na wageni wasiozidi wanne, na kati ya hao wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Nafasi zikiwa chache kiasi hicho, kila moja ni mshahara wa mtu. Lakini ni kweli pia kwamba ligi changa ambayo haitazamwi haiwezi kumlipa mtu yeyote, Stoglin akiwamo.

Majina ya timu yanasema nani analipa

Msomaji akiyatazama majina ya timu zile 12 kwa makini atagundua jambo ambalo matokeo hayamwonyeshi. GNBC ni timu ya jeshi la polisi la Madagascar liitwalo Gendarmerie. FAP ya Cameroon ni ya majeshi na polisi. AS Police ya Mali haihitaji kufafanuliwa. AS Douanes ni timu ya idara ya forodha ya Senegal. Ferroviário maana yake ni watu wa reli. Petro de Luanda na GS Pétroliers zilizaliwa katika sekta ya mafuta ya Angola na Algeria.

Mtanzania hahitaji mkalimani hapa. Amekua akizisikia JKT, Polisi, Bandari na Reli katika kila mchezo, na Mkenya anaijua KPA ya mamlaka ya bandari ya Mombasa. Katika sehemu kubwa ya Afrika, mchezaji wa kikapu aliyeitwa wa ridhaa alikuwa askari, karani wa forodha au fundi wa reli aliyeruhusiwa kutoka kazini saa tisa alasiri kwenda mazoezini. Mshahara wake ulitoka serikalini, na pensheni yake pia. Mfumo huo una heshima yake. Uliwalinda wachezaji waliovunjika goti wakiwa na miaka 26, ambao katika klabu ya mtu binafsi wangerudishwa nyumbani na nauli tu.

Ubaya wake ni kwamba taasisi ikibadili mkuu, timu nayo inaweza kufutwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Tena, taasisi ya umma haina haja ya kuuza tiketi wala jezi, kwa hiyo haijifunzi kuuza. BAL ilipokuja ilizikuta timu hizi zikiwa imara uwanjani lakini zikiwa wageni katika biashara ya mchezo. Ilibidi zivae jezi za Nike na Jordan, zikubali nembo ya wafadhili wa ligi, zifanye mikutano na waandishi kwa lugha tatu, na ziwe na ofisa wa mawasiliano ambaye baadhi yao hawakuwa wamewahi kuwa naye.

Patriots walikuwa wa aina nyingine. Hiyo ni klabu binafsi, changa kwa umri, iliyojengwa na wapenzi wa mchezo mjini Kigali. Kwa ajili ya msimu ule ilimleta kocha Alan Major kutoka Marekani, na ikaongeza wageni juu ya wenyeji kama Aristide Mugabe na Dieudonné Ndizeye. Nyuma yake kulikuwa na serikali iliyoitaka ligi hiyo iwe Kigali na hapana pengine, kwani Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa BAL.

Mtoano: Ngazi inapoonekana

Katika robo fainali Patriots walikutana na Ferroviário na wakapita kwa tofauti ndogo mno. Kwa Kigali ilikuwa sherehe. Timu ya Afrika Mashariki ilikuwa katika nne bora za Afrika, na kwa siku mbili tatu ilionekana kana kwamba mlima umekwisha kupandwa.

Nusu fainali iliwarudisha chini. US Monastir, ambayo iliongoza Kundi A na ilikuwa imekwisha kuwafunga Patriots mara moja, safari hii iliwachapa 87-46. Matokeo ya namna hiyo hayaletwi na bahati wala na mwamuzi. Tofauti ya pointi 41 hutokana na miaka. Kikapu cha Tunisia kina ligi inayochezwa kwa miezi, wachezaji wanaofundishwa tangu utoto katika klabu zenye michezo mingi, na timu ya taifa iliyozoea kubeba mataji ya Afrika. Patriots walikuwa na wageni wazuri na wenyeji wenye moyo, lakini wachezaji wao wa akiba hawakuwa wamezoea kukutana na upinzani wa aina hiyo kila wiki. Katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, Petro de Luanda nao wakawafunga, na Patriots wakamaliza wa nne.

Katika nusu fainali nyingine Zamalek waliitoa Petro. Jina la Zamalek si geni kwa Watanzania. Ndiyo klabu ya Cairo iliyoanzishwa mwaka 1911, ambayo mwaka 2003, ikiwa bingwa mtetezi wa Afrika katika soka, iliondolewa na Simba kwa mikwaju ya penalti hukohuko Cairo. Usiku ule bado unasimuliwa katika vijiwe vya kahawa kuanzia Kariakoo hadi Soni. Katika kikapu hapakuwa na Simba wa kuwazuia. Chini ya kocha Mhispania Agustí Julbe walishinda michezo yao yote sita, mitatu ya kundi na mitatu ya mtoano.

Fainali ya Mei 30 iliamuliwa zaidi na ulinzi kuliko mitupo ya mbali. Monastir, waliokuwa wamefunga pointi 87 katika nusu fainali, waliishia na 63. Anas Mahmoud, mlinzi mrefu wa Zamalek, alitangazwa mchezaji bora wa ulinzi wa msimu, na mwenzake Walter Hodge kutoka Puerto Rico akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Kwamba bingwa wa kwanza alitoka Misri na mshindi wa pili Tunisia halikumshangaza mtu yeyote anayefuatilia mchezo huu.

Fedha zilizotangazwa katikati ya mashindano

Mei 24, mashindano yakiwa yanaendelea, NBA ilitangaza kuundwa kwa kampuni ya NBA Africa itakayosimamia biashara zake zote barani, ikiwamo hisa zake katika BAL. Thamani ya kampuni hiyo ilikadiriwa kukaribia dola bilioni moja za Marekani. Miongoni mwa wawekezaji walikuwamo kampuni ya Helios Fairfax Partners na kundi linaloongozwa na mfanyabiashara wa Nigeria, Babatunde Folawiyo, pamoja na wachezaji wa zamani wa NBA wakiwamo Dikembe Mutombo wa Kongo na Luol Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini.

Siku ya tangazo hilo haikuchaguliwa kwa bahati. Mwekezaji hanunui ahadi, hununua picha, na kwa wiki mbili zile picha ilikuwapo. Michezo ilirushwa katika nchi na maeneo 215 kwa lugha 15. Ukumbi ulikuwa nusu tupu kwa sababu ya corona, lakini kwenye kioo sakafu iling'aa na taa ziliwaka, na mtazamaji wa Toronto au Paris aliona kitu kinachofanana na alichozoea.

Jengo juu ya vilima

Pasipo sakafu ile, yote yaliyosimuliwa hapo juu yasingetokea. Kigali Arena ilijengwa kwa miezi sita tu na kampuni ya Summa ya Uturuki, ikafunguliwa Agosti 2019, na ina viti takriban 10,000. Mei 2022 ilibadilishwa jina na kuitwa BK Arena. Miezi mitatu baada ya BAL ya kwanza ukumbi huohuo uliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika, AfroBasket 2021, ambayo Tunisia ilitwaa ubingwa.

Mtu anayeandika haya akiwa Lushoto hawezi kuacha kufikiria habari ya ardhi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Rwanda inaitwa nchi ya vilima elfu, na mtu aliyepanda barabara ya kona kutoka Mombo kwenda Soni hadi Lushoto anajua kwamba Usambara nayo haina uhaba wa vilima. Kiwanja cha kikapu cha kimataifa kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, mbali na nafasi ya pembeni. Katika mteremko wa Usambara, mahali ambapo mkulima hukata matuta ili apate kupanda kabichi na viazi, kupata mita za mraba 420 zilizo sawa kabisa ni kazi ya kuchimba mlima upande mmoja na kujenga ukuta wa mawe upande wa pili. Kisha mvua za masika hufika, na zege lisilo na paa huwa na utelezi ambao hakuna mwalimu mwenye busara atakayeruhusu mtoto aruke juu yake.

Kwa sababu hiyo, katika shule nyingi za milimani, mpira wa miguu na wa pete ndiyo huchezwa kwanza, kwani huvumilia udongo na majani. Kikapu hakivumilii. Mpira unahitaji kudunda, na goli linatakiwa liwe mita 3.05 kutoka chini, si mita tatu na kidogo kwa makadirio ya fundi seremala. Mwanafunzi wa Lushoto anayeupenda mchezo huu huanza na mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ambako kikapu kimo miongoni mwa michezo. Akifanya vizuri huenda Tanga mjini kuuwakilisha wilaya au mkoa, na huko ndiko wengi hukutana kwa mara ya kwanza na kiwanja chenye mistari yote. Anayeendelea zaidi ya hapo huelekea Dar es Salaam, kwani ligi ya mkoa huo ndiyo iliyozoea kuwa na ratiba ndefu na ushindani wa kudumu, ingawa nayo kwa miaka mingi imechezwa katika viwanja vya wazi kama vya Don Bosco, Upanga.

Vilima, basi, havikumzuia Mnyarwanda. Kilichokuwapo kule ni uamuzi wa kujenga, na uamuzi huo ulifanywa kabla ya kuwapo timu yenye uwezo wa kuutumia ukumbi ipasavyo. Wapo wanaosema huko ni kuanza na paa kabla ya msingi. Matokeo ya nusu fainali ya mwaka 2021 yanawapa nguvu. Miaka iliyofuata inawapunguzia.

Mlango wa kuingilia

Msomaji huenda anajiuliza timu zile 12 zilichaguliwaje. Mabingwa wa nchi sita, yaani Angola, Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia, waliingia moja kwa moja. Nafasi sita zilizobaki zilitafutwa kwa mchujo mwishoni mwa mwaka 2019, ukihusisha mabingwa wa nchi nyingine zote zilizojitokeza.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia katika simulizi. Moja ya makundi ya mchujo huo lilichezwa jijini Dar es Salaam, Oktoba 2019, na JKT wakaiwakilisha nchi wakiwa nyumbani. Patriots walikuwa katika kundi hilohilo. Wanyarwanda wakasonga mbele, JKT wakabaki. Desemba mwaka huohuo hatua ya mwisho ya kanda ya mashariki ilichezwa Kigali, na tiketi tatu zikaenda kwa Patriots, GNBC na Ferroviário. City Oilers, mabingwa wa Uganda, nao walikwama.

Kwa hiyo miezi kumi na tisa kabla ya J. Cole kuingia Kigali Arena, safari ya Patriots ilipita Dar es Salaam, mbele ya macho yetu. Haikuwa timu ya ajabu isiyofikika. Ilichotuzidi ni mambo matatu ya kawaida kabisa: ligi ya nyumbani yenye michezo mingi kwa mwaka, mahali pa kuchezea pasipotegemea mvua, na fedha za kusajili wageni wachache kabla ya mchujo badala ya baada yake. Mashindano ya klabu ya taifa ya Tanzania, kinyume chake, yamezoea kukusanya timu katika mji mmoja kwa siku chache, kisha kila mmoja akarudi kwao. Mchezaji wa mikoani anaweza kumaliza mwaka akiwa na michezo ya ushindani inayohesabika kwa vidole.

Kipaji hakikuwa tatizo, na ushahidi uko wazi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin pekee. Lakini alifika huko kwa kupitia Chuo Kikuu cha Connecticut. Ngazi aliyopandia ilikuwa ya Wamarekani.

Baada ya Kigali

Msimu wa pili, mwaka 2022, ligi ilianza kutembea kama ilivyokusudiwa awali. Michezo ya makundi ilichezwa Dakar na Cairo na ya mwisho Kigali, idadi ya michezo ikapanda hadi 38, na US Monastir wakapata taji walilolikosa. Al Ahly ya Misri ikafuatia mwaka 2023, Petro de Luanda mwaka 2024, na Al Ahli Tripoli ya Libya mwaka 2025, fainali ya mwaka huo ikichezwa Pretoria.

Kanda yetu nayo ilianza kuingia, mmoja mmoja. City Oilers waliokwama mwaka 2019 walifuzu mwaka 2023, wakawa timu ya kwanza ya Uganda, na wakarudi tena mwaka 2024. Mwaka huohuo Dynamo ya Burundi ilifika Pretoria, ikashinda mchezo wake wa kwanza huku nembo ya utalii wa Rwanda ikiwa imefunikwa kwa plasta kwenye jezi, kisha ikakataa kuivaa nembo hiyo bila kuifunika na kuondolewa mashindanoni. Uhusiano wa Bujumbura na Kigali ulikuwa umeharibika na mpaka ulikuwa umefungwa tangu Januari. Hakuna kanuni ya kikapu ingeweza kulitatua hilo. Nairobi City Thunder ya Kenya ilifuata mwaka 2025, na mwaka huo APR ya Rwanda ikashika nafasi ya tatu, hatua moja juu ya ile waliyoishia Patriots.

Sudan Kusini, ambako Luol Deng amekuwa rais wa shirikisho tangu mwaka 2019, ilipita njia yake. Timu yake ya taifa ilifuzu Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na kuifunga Puerto Rico, ikiwa haina nyumbani ukumbi wa ndani wa kiwango cha kimataifa. Mfano huo hupendwa sana na wanaosema majengo si lazima. Wanasahau kwamba wengi wa wachezaji wale walikulia Australia, Marekani na kwingineko, katika kumbi za watu wengine.

Katika misimu mitano ya kwanza, kuanzia 2021 hadi 2025, hakuna timu ya Tanzania iliyocheza BAL. Mchujo wa kuelekea msimu wa 2026 ndio uliovunja ukimya huo. Dar City, klabu binafsi ya Dar es Salaam iliyokusanya wachezaji wa kulipwa wa ndani na nje, ilipata tiketi ya kanda ya mashariki mwishoni mwa mwaka 2025. Katika kikosi chake alikuwamo Thabeet, akiwa na miaka 38.